Pengo au Mapunjo?

Neno “mapunjo” sikulikuta kamusini. Nilikutana nalo dirishani kwa mhasibu, siku nilipomsindikiza shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa amepandishwa daraja. Barua ilikuja, mshahara haukuja. Kwa miezi 14 aliendelea kulipwa kwa daraja la zamani, na kila mwisho wa mwezi aliiweka hati yake ya mshahara katika bahasha ya kaki. Alipofika dirishani alisema amekuja kufuatilia malimbikizo. Karani, kijana mpole mwenye miwani, alizipekua zile hati moja moja, kisha akamrekebisha kwa adabu: “Samahani mwalimu, haya siyo malimbikizo. Malimbikizo ni pale ambapo hukulipwa kabisa, deni likalundikana. Wewe umelipwa kila mwezi, ila pungufu ya stahili yako. Haya yanaitwa mapunjo.” Akamsogezea fomu yenye safu tatu: ulichostahili, ulicholipwa, tofauti.

Tangu siku hiyo nalipenda neno hilo. Limetokana na “punja”, kitenzi cha sokoni. Muuza mchele anayetumbukiza kidole gumba ndani ya kibaba wakati wa kupima anakupunja. Mwenye mzani uliochezewa anakupunja. Kitenzi hiki hakikubali kukaa bila mtendaji: akiwepo aliyepunjwa, yupo aliyepunja. Tena aliyepunjwa haombi huruma. Anarudi na mfuko wake, anataka upimwe upya.

Sasa sikiliza lugha tunayoitumia kumweleza mwanamke anayelipwa pungufu ya mwanamume. Kila tarehe 18 Septemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya malipo sawa, hutajwa “pengo la ujira la kijinsia”. Shirika la Kazi Duniani hulikadiria kuwa takriban asilimia 20 kwa dunia nzima. Pengo, kwa maana yake ya kwanza, ni nafasi inayobaki mdomoni jino likishang’oka. Ni neno zuri kwa sababu linakiri kwamba mahali hapo pangepaswa kuwa na kitu. Lakini jino huweza kung’oka lenyewe. Mtoto wa miaka sita ana pengo na hakuna aliyemkosea.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Mwalimu aliyepunjwa na orodha ya mishahara anajaza fomu ya mapunjo. Mwanamke aliyepunjwa kwa sababu ni mwanamke anapewa takwimu ya pengo. Kwa nini? Ili kujibu, inabidi tuyapitie maneno mengine yaliyo njiani: mshahara, ujira, sawa, thamani. Wala shughuli hii si ya wapenda kamusi peke yao. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno litakaloingia katika hukumu ndilo litakaloamua nani alipwe nini.

Tuanze na mshahara. Limetoka katika Kiarabu “mushahara”, malipo ya mwezi, na ndani yake umo “shahr”, yaani mwezi. Kwa asili yake, basi, neno hili lina watu wake: wenye barua ya ajira, wenye majina katika orodha ya malipo, wanaoijua tarehe ya kupokea. Kibarua hayumo. Yeye jina lake limetokana na barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili jioni akionyeshe na kulipwa. Jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Wanawake wengi wa kwetu wako upande huu wa kikaratasi. Ndio wanaopalilia mashamba ya watu, wanaogonga kokoto, wanaochota maji kwenye majengo yanayojengwa, wanaozunguka mitaani kufua nguo za wengine. Ukisema “usawa wa mishahara” umewafungia mlango kabla mjadala haujaanza.

“Ujira” una uwanja mpana zaidi. Limetoka katika shina lililotupa ajira, mwajiri na mwajiriwa. Popote penye wawili hao, hata kwa saa mbili, pana ujira. Waislamu wamelelewa na fundisho la Mtume kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho halingoji mwisho wa mwezi. Katiba ya Tanzania nayo, katika Ibara ya 23, ilichagua neno hilohilo: inampa kila mtu, bila ubaguzi wa aina yoyote, haki ya kupata “ujira unaolingana na kazi yake”.

Tena ujira hukusanya yale yasiyoandikwa kwenye mstari wa mshahara. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani ulipitishwa mwaka 1951. Kenya iliuridhia mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Unahesabu kuwa ujira ule mshahara wa msingi pamoja na nyongeza yoyote, iwe ya fedha au ya vitu. Kwa Kiswahili cha ofisini: posho, marupurupu, malipo ya saa za ziada, nyumba, usafiri. Posho, ambayo zamani ilikuwa chakula cha wapagazi wa misafara, na ambayo Uganda hadi leo ni ugali, kwetu Tanzania imehamia semina na safari za kikazi. Asiyepelekwa safari haipati. Kenya, wanawake walioolewa waliokuwa watumishi wa serikali waliwahi kunyimwa posho ya nyumba kwa hoja kwamba mume ndiye mwenye kumpa mke pa kulala. Hata pale mshahara ulipolingana na wa wenzao wa kiume, ujira haukulingana. Tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa kodi ya nyumba.

Neno linalonitia wasiwasi kuliko yote ni “sawa”. Kauli tuliyoizoea kwenye mabango ya Mei Mosi ni “malipo sawa kwa kazi sawa”. Inaimbika. Lakini lisikilize “sawa” linavyotamkwa saa moja asubuhi kwenye geti la jengo linalojengwa. Msimamizi anasema, “Mama, wewe utapata elfu nane.” Naye anajibu, “Sawa.” Hapo ndani ya “sawa” hamna usawa wowote. Ni jibu la mtu asiye na pengine pa kwenda, na msimamizi akiulizwa jioni atasema ukweli mtupu: tulielewana, alisema sawa.

“Kazi sawa” nayo ina mtego. Inataka tumpate mwanamume na mwanamke wanaofanya kazi ileile, kisha tuwapambanishe. Tukiwapata, shauri ni jepesi. Lakini ajira imekwishagawanywa kabla watu hawajafika getini: huyu ni saidia fundi, yule ni mama wa kuchota maji, huyu ni mlinzi, yule ni msaidizi wa ndani. Kazi si moja, kwa hiyo hakuna wa kulinganishwa naye, na kesi imekwisha. Ndiyo maana Mkataba Na. 100 haukuishia kwenye kazi sawa. Unadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanapata ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataka ujira uwe sawa kwa kazi ya thamani sawa. Neno “thamani” limo katika sheria, limekosekana kwenye mabango. Ni neno moja tu, nalo ndilo lenye kubeba mzigo wote.

Katika Kiarabu “thaman” ni bei. Sisi tulipolipokea tulilipandisha cheo: bei ni ile inayotajwa sokoni, thamani ni ile ambayo kitu kinayo hata kabla hakijapata mnunuzi. Mtu akisema ameuza shamba kwa bei ya kutupa, kila msikilizaji anaelewa kwamba thamani ya shamba ilibaki palepale. Kilichotupwa ni bei. Kwa hiyo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili anajua tayari, bila kusoma mkataba wowote, kwamba bei ya kazi inaweza kushuka chini ya thamani yake. Katika shina hilohilo tumepata “tathmini”, yaani kukitafutia kitu thamani yake, na hicho ndicho sheria inachodai: kazi zifanyiwe tathmini. Wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani hutumia vipimo vinne: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Hawampimi mtu, wanaipima kazi. Ndivyo ilivyo hata katika ile Ibara ya 23, inayoulinganisha ujira na kazi, wala haimlinganishi mtu na mtu.

Thamani ina jamaa yake, “kima”, kutoka Kiarabu “qima”, ambalo nalo lina maana ya thamani. Tunalitumia kila siku katika “kima cha chini cha mshahara”. Hapa serikali yenyewe ndiyo inayoshika mzani. Nimewahi kuisoma amri ya mishahara ya Tanzania ya mwaka 2013 kama mtu anavyosoma kamusi, nikitazama maneno. Viwango vyake havimtaji mke wala mume, vinataja sekta. Kampuni zenye leseni za kutafuta na kuchimba madini, shilingi 400,000 kwa mwezi. Mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi, 100,000. Mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, 80,000. Anayelala humohumo, 40,000. Viwango vimepandishwa tangu hapo, lakini itazame ngazi yenyewe. Hakuna aliyeandika kwamba mwanamke alipwe kidogo. Kilichoandikwa ni kwamba kulinda geti la nyumba kuna kima kikubwa kuliko kumlea mtoto aliyemo ndani ya geti. Viweke mezani vile vipimo vinne. Ni nani aliyebeba wajibu wa uhai wa mtu? Ni nani asiye na saa ya kutoka kazini?

Mwajiri atajibu kwamba anayelala ndani anakula na kulala bure. Vema, mkataba wenyewe unahesabu vitu kuwa ujira. Basi navyo vipimwe, chakula kwa bei ya chakula na godoro kwa bei ya godoro, tuone kama jumla inafika.

Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya ina mpangilio mwingine wenye kufikirisha. Imewatia yaya, mtumishi wa nyumbani, mtunza bustani, mfagizi, tarishi na mlinzi wa mchana katika kapu moja. Mlinzi wa usiku ana ngazi yake mwenyewe, ya juu zaidi. Sheria, kwa hiyo, inakubali kwamba usiku una thamani. Lakini haimjui yaya wa usiku. Mtoto anayelia saa nane za usiku hakuingia katika amri.

Ukichunguza utaona kwamba ujira huanza kupunguzwa kwenye jina la kazi, kabla hata fedha haijahesabiwa. Nyumbani tunamwita “dada”. Ni jina la heshima, lakini udugu ukishaingia, kudai ujira huonekana utovu wa adabu: dada gani anayemdai kaka yake saa za ziada? Zamani lilikuwepo jina lisilo na heshima wala ujira, “mjakazi”, mtumwa wa kike. Kipande cha mwisho cha neno hilo hakina maana ya kazi ya mikono; ni mzizi wa Kibantu wenye maana ya uke, ndugu wa ule uliomo katika “mkazamwana”. Sadfa ya sauti tu. Lakini masikio yetu yamesikia mwanamke na kazi katika neno moja kwa karne nyingi, na ndani ya neno hilo hamkuwa na malipo.

Kiswahili kinaweza pia kumtetea mfanyakazi. Mwaka 1968, katika kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, pembezoni mwa London, wanawake 187 waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari waligoma. Kiwanda kiliwaweka katika daraja la wasio na ufundi. Jaribu kuisema hukumu hiyo kwa Kiswahili: fundi cherehani asiye na ufundi. Inajikanusha yenyewe. Kwetu hata anayetia viraka barazani chini ya mwembe ni fundi cherehani. Mgomo ulidumu wiki tatu, uzalishaji ukakwama kwa sababu gari halitoki bila viti. Waziri Barbara Castle akaingia kati, na mwaka 1970 Uingereza ikapitisha sheria ya malipo sawa. Daraja la ufundi, hata hivyo, hawakulipata hadi mwaka 1984, baada ya kugoma tena. Sheria iliwatangulia kufika. Jina lilichelewa miaka 14.

Nasi Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu ya ujira usio sawa, ile ya rangi. Tume ya Holmes, iliyoupitia utumishi wa serikali na kutoa taarifa mwaka 1948, ilikubali kwamba asiye Mzungu, akishika cheo kilekile, alipwe humusi tatu za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyopendekeza ngazi moja ya mishahara bila kutazama rangi. “Humusi” ni neno la darasa la hesabu, lakini humusi mbili zilizokatwa hazikuwa hesabu tu, na leo hakuna mwanahistoria anayeziita pengo. Tunaziita ubaguzi. Kwa nini basi humusi moja inayokosekana kwenye mkoba wa mwanamke iitwe pengo?

Hapa nijihadhari, nisije nami nikapunja. Pengo lina kazi yake. Ni wastani wa wanawake wote dhidi ya wastani wa wanaume wote, na ndani yake yamechanganyika mengi: saa za kazi, miaka ya uzoefu, fani ambazo wasichana husukumwa kuzisomea, miezi ya kulea. Si kila senti ya pengo ni mapunjo. Lakini mapunjo yamo ndani ya pengo, na kazi ya serikali ni kuyachambua kama anayepepeta mchele kwenye ungo.

Nchi mbili zinaonyesha tofauti hiyo. Uingereza, tangu mwaka 2017, inawataka waajiri wenye watu 250 au zaidi watangaze pengo lao kila mwaka. Umma unaliona pengo, lakini hakuna anayelipwa kwa kuonekana tu. Iceland ilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2018, iliyomtaka mwajiri mwenye watu 25 au zaidi athibitishe, kazi kwa kazi, kwamba hampunji mtu, ndipo apewe cheti. Wana neno moja refu kwa jambo hilo, “jafnlaunavottun”: sawa, ujira na uthibitisho vimeunganishwa kama mabehewa. Uzito wa neno hilo uko kwenye behewa la mwisho. Aliyetakiwa kuthibitisha ni mwajiri. Hiyo ni nchi ambayo tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wapatao asilimia 90 waliacha kazi za ofisini na za jikoni kwa siku moja, wanaume wakabaki na watoto mikononi.

Kwetu, kwa Kiswahili kilivyo leo, mzigo wa kuthibitisha unakaa kwa mama aliyesema “sawa” getini. Tunaweza kuuhamisha, na kwa sehemu kubwa tunauhamisha kwa maneno. Wanaoandika mabango ya Mei Mosi waache “malipo sawa kwa kazi sawa”, waandike “ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa”. Ni kauli ndefu, naijua, lakini ndiyo iliyo katika sheria, na mwajiri hawezi kuikwepa kwa kubadilisha jina la kazi. Wanaotafsiri sheria wasiutumie “mshahara” pale ambapo “ujira” ndio unaowakusanya vibarua. Wanaopanga kima cha chini wafanye tathmini kabla ya kutaja kiwango, na waichapishe, ili tujue geti lilimzidi mtoto kwa kipimo gani. Na “pengo” tuwaachie watu wa takwimu. Kwa mahakama, kwa chama cha wafanyakazi na kwa dirisha la mhasibu, neno lipo, limekwishazoeleka, lina hata fomu.

Shangazi alilipwa mapunjo yake baada ya miezi saba. Nilikuwa naye alipotia sahihi. Ile fomu haikumuuliza kama ni mke au mume, kama ana mume wa kumlisha, wala kama alisema sawa. Ilimuuliza alistahili nini, amelipwa nini, tofauti ni kiasi gani. Mwanamke mwingine akifika dirishani na bahasha yake, apewe fomu hiyohiyo.